Shamba Lililolimwa Bichi

Anziz hakuwa mtu mbaya, tukubaliane mapema. Alikuwa mjuaji tu, na mjuaji ukimpa mashine, basi tena! Kimashine chenyewe kilikuwa kidogo, cha kusukumwa kwa mikono miwili, injini juu, magurudumu mawili, na chini visu vya kupinda vya kufukua udongo. Alikipenda kimashine kile kuliko baadhi ya ndugu zake, na ndugu zake walijua.

Wazazi wake walikuwa watu wa kisiwa cha Ndzuani, lakini yeye alikulia Ikoni, kusini kidogo ya Moroni, kwenye kisiwa cha Wangazidja. Bustani yake ilikuwa mlimani juu ya mji, na nyanya zake zilikuwa na wateja katika soko la Volo Volo ambao hawakununua kwa mwingine. Kisha Ndzuani ikatangaza kujitenga na visiwa vingine, na Moroni ikaanza kununa. Ikanuna kwa muda mrefu. Aprili ya mwaka tisini na tisa mnuno ule ukamwagika barabarani, na kila aliyekuwa na asili ya Ndzuani akaambiwa arudi kwao. Anziz akarudishwa "kwao", mahali ambapo hakuwahi kulala hata usiku mmoja tangu apate akili.

Jirani yake Fouad, Mngazidja wa damu, aliwaficha chumbani kwake yeye, mkewe Zahia na watoto, kisha akawatafutia teksi ya kuwafikisha bandarini. Ndani ya teksi hiyo kulikuwa na nafasi ya watu na kitu kimoja. Zahia alitaka kuchukua sufuria zake na godoro. Anziz akapakia kimashine, akakifunika kwa majani ya muhogo. Kwenye meli mama mmoja alimtazama alivyokikumbatia, akamuuliza kama kinanyonya bado. Watu walicheka, na Zahia akacheka nao, ingawa sufuria zake zilikuwa zimebaki Ikoni.

Basi wakafika Mutsamudu, mji wa mawe chini ya ngome, vichochoro vyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Wakaingia nyumbani kwa mama yake Zahia, Bi Hayati. Huko nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huja kwa mkewe na nguo zake na adabu zake, na adabu zikimwisha hubaki na nguo. Lakini akiwemo, anakuwemo kama sultani. Anziz aliandaliwa sinia yake peke yake, chumba cha ndani, kipande kizuri cha samaki juu ya wali, na Bi Hayati mwenyewe hakuwahi kumtazama usoni wala kumpinga neno. Mkwe wa kiume hakosolewi. Angesema bahari imekauka, Bi Hayati angevuta shiromani yake, nguo aliyojitanda, hadi mdomoni na kusema, "Alhamdulillahi."

Hali hiyo ilimpendeza. Nani isingempendeza? Msimu wa kwanza alipata kazi ya kubeba magunia bandarini na shamba la mkwewe hakulikanyaga. Akasikia tu kwamba wanawake wamelima, wamevuna, na mbaazi zimekuja. Kisha nchi nyingine zikakifungia kisiwa mafuta na safari, kirudi kundini. Meli zikaadimika, magunia yakaadimika, na mchele ukawa kitu cha kuulizwa bei na kuachwa dukani. Mvua za mwaka elfu mbili zilipokaribia, kila mtu ndani ya nyumba ile alijua kwamba watakachokula ni kile kitakachotoka shambani kwa Bi Hayati, juu ya mji nyuma ya ngome. Kisipotoka, watoto wawili, Nadjma na Nassim, watashinda na ndizi mbichi za kuchemsha mpaka Mungu afungue bandari.

Ndipo Anziz akatangaza: mwaka huu majembe yapumzike, analima yeye.

Alihangaika kupata petroli ya magendo, akaipata chupa mbili, akazilinda kama dawa ya mgonjwa. Mvua ikaja. Ikanyesha mfululizo hata kuta za vichochoro zikaota ukungu. Asubuhi iliyoanuka, kabla paa hazijaacha kudondosha, Anziz alikuwa ameshakibeba kimashine begani. Wanaume waliokaa barazani wakapiga kelele, "Mngazidja, unaipeleka wapi meli yako?" Maana huku walimwita hivyo. Kule alikuwa Mdzuani, huku Mngazidja, kwa sababu lahaja ya Moroni ilimkaa ulimini na haikutaka kutoka.

Zahia alimfuata mpaka mlangoni. "Baba Nadjma," akasema taratibu, "mama anauliza, kwani kuna haraka gani?"

Loo, hebu mtu asikie! Mwanamke aliyelima udongo ule tangu ujana wake anauliza kuna haraka gani. Kwa adabu za nyumba ile hapo alikuwa ameshapiga yowe. Mwenye masikio angetua mzigo. Anziz akajibu, "Mwambie mama apumzike. Kazi hii ni ya wanaume."

Tusimwonee, alikuwa na sababu yake. Kule alikokulia, ardhi ni ya mlima wa moto, mawe meusi na majivu. Mvua ikinyesha haikai. Inazama mara moja, mtu hajakunja hata mwavuli, na mto hakuna hata mmoja. Mkulima wa Ikoni akisikia mvua imekatika hukimbia na jembe, maana akichelewa unyevu umeshamkimbia. Anziz alifundishwa hivyo na baba yake, na mikono yake haikujua vingine. Lakini Ndzuani ni kisiwa cha mito. Udongo wake ni mwekundu, mzito, wa kufinyangia, unayashika maji na hauyaachi. Angeuliza, angeambiwa. Hakuuliza.

Akakiwasha. Mwanzo kulikuwa kutamu. Udongo uligeuka vipande virefu vyekundu vinavyong'aa, na yeye akaona uzuri mtupu. Baada ya matuta mawili visu vikajaa tope, vikawa mviringo mmoja usiokata kitu. Akazima, akachokonoa kwa panga, akawasha. Vikajaa tena. Magurudumu yakazunguka papo hapo na kuchimba shimo. Alikilalia kimashine kwa kifua, akakisukuma, akakitukana, akapita palepale mara ya pili na ya tatu ili palainike, na kila alipopita alikuwa anaugandamiza udongo chini kwa uzito wa chuma na wa mwili wake, kama mtu anayekanda tofali.

Bi Hayati alikuwa amesimama pembeni mwa shamba, ameuma pindo la shiromani. Alisimama muda wote. Anziz alimwona, na moyo wake ukafurahi, akadhani mama wa watu anastaajabia mashine. Akajitia kusukuma kwa nguvu zaidi. Chini kabisa, kwenye kipande cha mwisho karibu na korongo, injini ikakohoa, ikafa, na petroli ikawa imekwisha. Kipande kile kikabaki hakijaguswa.

"Kesho tunapanda!" akamwambia kwa sauti.

Bi Hayati aliitazama ardhi. "Mungu akupe nguvu, mkwe," akasema, akageuka, akateremka polepole.

Kesho yake wakapanda mbegu zote zilizokuwamo nyumbani. Kisha mvua ikapumzika, likaja jua la kupasua utosi. Vile vipande vyekundu vinavyong'aa vikakauka vikawa matofali. Mvua iliporudi, maji hayakuingia. Yalikaa juu ya shamba, yakapigwa na jua, yakanuka. Mahindi machache yakatoka, ya njano, yakainama. Mbaazi hazikutoka kabisa.

Siku moja Anziz alipanda mlima peke yake na jembe mpaka shambani. Akalipiga bonge moja, jembe likamrudia mikononi. Akalipiga tena mpaka likapasuka, na ndani likawa limebana, limesuguliwa kama ubavu wa mtungi. Chini yake, mahali visu vilipopita na kupita, kulikuwa na sakafu. Unaweza kuita mtu akaswali pale. Hapo akaelewa. Akaelewa yote kwa mkupuo, hata yule mama aliyesimama ameuma nguo. Aibu ilimpanda kutoka miguuni hadi masikioni, na unajua alifanya nini? Alitazama huku na huku kama mwizi, akaviokota vile vipande viwili vya bonge, akavirudishia mahali pake, akavikandamiza kwa mguu. Mtu mzima huyo, baba wa watoto wawili.

Angesema siku ile, mambo yangeishia palepale. Lakini jioni, akitoka msikitini, rafiki yake wa bandarini, Idarousse, alimuuliza shamba linaendeleaje. Anziz akafungua kinywa kusema kweli, kikasema kingine.

"Mbegu. Mbegu zilikuwa za zamani."

Akalisikia neno likitoka na akatamani kulidaka. Halidakiki hilo. Kwenye vichochoro vile neno linatangulia mtu nyumbani.

Sasa, Bi Hayati hakuwa tajiri, hakuwa msomi, lakini mbegu zake zilijulikana mji mzima. Alizichagua punje kwa punje, akazipaka majivu, akazitundika juu ya meko zipate moshi, na kila mwaka wanawake walikuja kwake na makopo kuazima, wakarudisha baada ya mavuno. Ilikuwa heshima yake. Wengine wana dhahabu, yeye alikuwa na mbegu.

Zahia ndiye aliyemletea mumewe habari, akikunja nguo, amempa mgongo. "Wanawake wamemuuliza mama kisimani."

"Wamemuuliza nini?"

"Kama kweli mbegu zilikuwa mbovu."

"Akajibu nini?"

"Akawaambia ndiyo. Akasema mwaka huu alizikausha vibaya, uzee." Zahia alikunja kanzu, akaikunjua, akaikunja tena. "Mama hajawahi kukausha mbegu vibaya tangu nizaliwe."

Usiku ule alilala uso umetazama ukuta.

Tangu hapo chakula kikawa adhabu. Uani alisikia watoto wakibishana juu ya ndizi, na mbele yake sinia ilikuja vilevile na kitambaa juu, wali kidogo uliotoka sijui wapi, na kipande cha samaki. Siku moja akairudisha. Zahia akairejesha, akaiweka chini kwa kishindo. "Usimdhalilishe mama. Kula." Akala. Nje Nassim alikuwa anauliza kama kuna kingine.

Mara ngapi alipanga kusema! Alipanga akinawa udhu, alipanga akiwa barazani, wenzake wakimtania na yeye akicheka kicheko cha mbao. Amwambie nani? Mkwewe hazungumzi naye ana kwa ana. Amwambie Idarousse, aonekane mjinga na mwongo kwa pamoja? Mjinga angekubali. Mwongo ndiyo ilimshinda. Kila siku ilipopita uongo uliota mizizi pale ambapo mahindi yalikataa.

Ikaja Ijumaa. Alikuwa chumba cha ndani, sinia mbele yake, mlango umeachwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Akasikia hodi uani, na sauti ya Bi Thouraya, jirani wa nyumba ya pili, mjane mwenye shamba lake kule mtoni ambako hupandwa kwa kuchelewa. Bi Thouraya alikuwa miongoni mwa walioazima mbegu kwa Bi Hayati kabla ya mvua.

"Bi Hayati, usinikasirikie," alikuwa akisema. "Nimekurudishia kopo lako. Nimesikia mbegu za mwaka huu zina kasoro. Mimi nina watoto wanne, siwezi kubahatisha."

Anziz aliacha kutafuna. Kupitia upenyo wa mlango aliliona kopo, limejaa hadi juu, mkononi mwa yule jirani. Alimwona Bi Hayati akilipokea kwa mikono miwili.

"Hujakosea," Bi Hayati akasema. "Ahsante, mwanangu. Ni kweli, zina kasoro."

Basi hapo kitu kilimkatika Anziz ndani. Mwanamke anatupiwa heshima yake mwenyewe mlangoni, na anasema ahsante! Kwa sababu ya nani? Akainuka. Hakuvaa viatu, hakunawa, hakubisha hodi kwa wanawake. Akatokea uani mkono wa kulia umejaa mchuzi, na Zahia, aliyekuwa kwenye meko, akajiziba mdomo.

"Bi Thouraya, chukua kopo lako!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mbegu hazina kasoro. Hazijawahi kuwa na kasoro. Shamba nimeliua mimi. Nililima udongo mbichi, nikaulalia na mashine mpaka ukawa jiwe, kisha nikamsingizia mama wa watu. Mimi ndiye. Kazipande, zitaota zote."

Sufuria ilichemka peke yake. Anziz alingoja atukanwe, alingoja achekwe, chochote. Bi Thouraya hakumtazama hata kwa mshangao. Alimtazama Bi Hayati, kama mtu anayeuliza, sasa tufanyeje? Bi Hayati akafumba macho.

"Shemeji," Bi Thouraya akasema mwishowe, kwa upole uliomuumiza kuliko tusi, "tunajua."

"Mnajua nini?"

"Hilo. Mashine ile ilisikika mji mzima. Asubuhi ile mimi nilikuwa naanika nguo juu ya paa, nikamwambia mwanangu, maskini shamba la Bi Hayati. Nani amezaliwa hapa asiyejua udongo ule ukiguswa mbichi unakuwaje?"

"Lakini mbegu... mbona umerudisha mbegu?"

Bi Thouraya akalitazama lile kopo, akaona haya. Ndiyo, yeye ndiye aliyeona haya. Zahia akajibu kwa niaba yake, kutoka kwenye meko, sauti imemkauka.

"Kwa sababu sisi hatuna, Baba Nadjma. Ulizipanda zote. Angetuletea na kusema 'nimewaonea huruma, pokeeni', mama angezipokea vipi, na wewe umo ndani?"

Ndipo Anziz akaona. Si Bi Hayati peke yake. Kisimani waliuliza wakijua. Idarousse aliitikia "aa, mbegu" akijua. Wale wa barazani waliomtania meli yake, tangu shamba life hawakuitaja tena hata mara moja, na yeye alidhani wameisahau. Mtaa mzima ulikuwa umeushika uongo wake kwa mikono yote, usimwangukie. Na huyu mjane alikuja kuwapa watoto wake Anziz mbegu za watoto wake mwenyewe, akajifanya mchoyo ili mwanamume wa nyumba asijue kwamba amesaidiwa. Yeye ndiye aliyetoka na mchuzi mkononi akayavunja yote, akijiona shujaa.

Alitamani ardhi impasukie. Akageuka arudi chumbani.

"Simama hapo."

Alikuwa Bi Hayati. Anziz aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yake aliyaona macho ya mkwewe yakimtazama moja kwa moja. Yalikuwa makali, na yalikuwa na machozi.

"Umeshasema, na mimi nitasema. Siku ile nilisimama pale tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilijua kila ulipopita unaua nini. Mdomo ninao! Ningepiga kelele moja tu ungesimama. Nikamstahi mkwe, wajukuu wangu wakakosa chakula. Heshima gani hiyo? Aibu yako unayo, beba. Na mimi ninayo yangu, kila ninapomsikia Nassim anauliza kama kuna kingine." Akafuta macho kwa pindo la nguo, kwa hasira. "Kile kipande cha chini hukukigusa. Tutakilima kwa jembe. Na nikikuona umekanyaga shamba langu likiwa bichi, wallahi nitakupigia kelele mpaka wa bandarini wasikie, na jembe nitakutupia."

"Bi Hayati!" Bi Thouraya akasema, nusu kwa hofu.

"Niache. Nimenyamaza vya kutosha."

Anziz alitaka kusema ahsante, alitaka kusema nisamehe. Kwa miaka ishirini Volo Volo hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, na sasa hakupata hata moja la maana. Akauliza kitu kidogo tu, kitu ambacho angekiuliza asubuhi ile ya mvua.

"Tunalima lini, mama?"

"Nitakuambia," akasema Bi Hayati.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akalia pale uani, mtu mzima, peku, mkono wa kulia ukidondosha mchuzi, mbele ya wanawake watatu, na safari hii hakuna hata mmoja wao aliyejifanya hakuona.